PC, laptopu ya gemu au konsoli: nguvu iangalie mwisho

Swali hili naletewa na watu wa kila aina: nina akiba yangu, nataka kucheza gemu, ninunue kompyuta ya mezani, laptopu ya gemu au konsoli kama PlayStation na Xbox? Anayeuliza huwa ameshatazama video nyingi za kulinganisha fremu kwa sekunde, yaani picha ngapi mashine inaonyesha kila sekunde, na majina ya kadi za michoro, kile kipande kinachochora picha za gemu, ameyakariri. Ambacho hajajiuliza ni gemu gani hasa atacheza, atacheza na nani, na mashine yenyewe itakaa wapi ndani ya nyumba. Nimeishi na zote tatu: konsoli sebuleni, laptopu wakati wa chuo, na sasa kompyuta ya mezani niliyoiunga mwenyewe. Kwa niliyoyaona, nguvu ya mashine ni ya kuangalia mwisho, hayo matatu yakishapata majibu.

Tuanze na gemu. Kama roho yako iko kwenye Counter-Strike 2, Dota 2 au League of Legends, mjadala umekwisha kabla haujaanza, kwa sababu hizo hazipo kwenye konsoli. Kama unataka Mario na Zelda, utanunua mashine ya Nintendo, upende usipende. Upande wa Sony, wenye PlayStation, mlango umefunguka kidogo: God of War ya mwaka 2018 ilifika PC, yaani kompyuta iwe ya mezani au laptopu, Januari 2022, na Ghost of Tsushima ya 2020 ikafika Mei 2024. Unaona pengo lenyewe. GTA V ilitoka kwenye konsoli 2013, wenye PC wakaisubiri mpaka Aprili 2015. Kuna watu ambao kusubiri hakuwasumbui, wananunua gemu ikiwa imeshashuka bei na hitilafu zimerekebishwa. Mimi ni mmoja wao. Lakini kama wenzako wote wataimaliza hadithi na kukusimulia mwisho wake wewe ukiwa bado unasubiri, PC itakukera.

Marafiki ndio wenye uzito kuliko yote, hasa kwa wapenzi wa mpira. EA Sports FC inaruhusu mtu wa PS5 (PlayStation 5) kukutana uwanjani na mtu wa Xbox Series au PC, lakini wa konsoli za kizazi cha nyuma, PS4 na Xbox One, wamewekwa kundi lao peke yao. Kwa hiyo ukinunua kompyuta mpya huku kundi lako lote liko PS4, utakuwa na mashine nzuri na huna wa kucheza naye. Mwenye PS5 ana pa kupitia, kwa kuwa anaweza kuweka toleo la PS4 la gemu hiyo akawafuata wenzake. Mwenye PC hana njia hiyo. Fortnite na Rocket League hazina shida hii, huko kila mtu anacheza na kila mtu. Kabla ya kutoa hela, waulize wale unaocheza nao usiku wanatumia nini na kama wana mpango wa kuhama.

Kisha mahali. Konsoli inataka televisheni, na televisheni ya nyumbani mara nyingi ni ya watu wote. Kama kuna taarifa ya habari, tamthilia na katuni za watoto vinagombea kioo hichohicho, muda wako wa kucheza utakuwa saa ambazo wengine wamelala. Kompyuta ya mezani inataka meza, kiti cha maana na kona ambayo haitahamishwa. Laptopu inasema haitaki kitu, lakini si kweli. Ukiitumia kwa gemu nzito itataka meza pia, pamoja na soketi ya umeme karibu na spika za masikioni za kuziba kelele za feni.

Hapo kwenye laptopu ndipo penye mitego mingi, ngoja nikae kidogo.

Mtego wa kwanza ni jina. Kadi iitwayo RTX 4070 kwenye laptopu ina kumbukumbu ya gigabaiti 8, ilhali ya mezani yenye jina hilohilo ina 12. RTX 4090 ya mezani hula hadi wati 450 na ina gigabaiti 24. Ya laptopu ina gigabaiti 16, na hata ikisukumwa hadi mwisho haizidi wati 175 hivi. Hazilingani hata kidogo, lakini kwenye tangazo utasoma neno moja. Ukitazama video ya mtu akicheza na RTX 4090 kwa raha zake, angalia kwanza kama ni ya mezani.

Mtego wa pili haujulikani sana na ndio unaoumiza zaidi. Laptopu mbili zenye kadi moja huweza kutofautiana mno, kwa sababu mtengenezaji ndiye anayeamua kadi hiyo ipewe umeme kiasi gani. RTX 4060 ya laptopu inaruhusiwa kupewa kuanzia wati 35 hadi 115. Ile nyembamba inayopendeza ukiibeba inaweza kuwa imebanwa chini kabisa, kama mkimbiaji anayepumulia mrija, na ile nene isiyo na sura ikaiacha mbali. Namba hii huitwa TGP na hufichwa chini kabisa kwenye maelezo ya mtengenezaji. Itafute. Muuzaji akikwambia zote ni sawa kwa kuwa kadi ni moja, mshukuru uendelee na safari.

Tatu, betri. Watu huwaza kwamba watacheza garini, kitandani, bustanini. Betri kubwa kabisa za laptopu huishia chini kidogo ya wati-saa 100, kwa kuwa hicho ndicho kiwango ambacho mashirika ya ndege humruhusu abiria kubeba bila kuomba kibali. Mashine inayokula wati 150 ingeimaliza betri hiyo kwa dakika 40 hivi. Ndiyo maana ukichomoa waya laptopu hujipunguzia nguvu yenyewe na gemu iliyokuwa ikiteleza inaanza kukwama. Kwa kuandika, kusoma na kutazama filamu betri ni ya kweli, lakini kwa gemu ni akiba ya kukuvusha umeme ukikatika. Kusema haki, hilo la umeme si dogo. Nilipokuwa na laptopu sikuwahi kupoteza mechi kwa sababu taa zimezima, mradi intaneti iendelee kuwaka. Sasa nina kompyuta ya mezani na nimelazimika kuinunulia UPS, betri ya pembeni inayoishikilia umeme ukikatika.

Jambo jingine la laptopu ambalo ni rahisi kulirekebisha: nyingi huuzwa zikiwa na kipande kimoja tu cha RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, wakati zina nafasi mbili. Kipande kimoja humfanya prosesa, ubongo wa kompyuta, asome kumbukumbu kwa njia moja badala ya mbili, na gemu hukwamakwama hata kama kadi ni nzuri. Niliongeza cha pili kwenye yangu, na mikwamo iliyokuwa ikinitoa povu ikapungua waziwazi. Ila uliza kabla ya kununua, kwa sababu baadhi ya laptopu RAM yake imechomelewa kwenye bodi na haiongezeki. Kadi ya michoro, kwa laptopu karibu zote, ndiyo usahau kabisa. Uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo.

Kwa hiyo nani anunue laptopu? Mwanafunzi anayehama bweni kila muhula. Mtu wa safari za kikazi. Anayehariri video au kuchora ramani za majengo na anahitaji mashine moja ya kazi na ya mchezo, aende nayo kwa mteja. Hao wainunue bila wasiwasi, na wachague nene. Lakini anayesema “huenda siku moja nikataka kuibeba” namsihi aifikirie vizuri hiyo siku moja. Laptopu za aina hiyo nimeziona zikikaa mezani miaka mitatu bila kuondoka, mwenyewe akiwa amelipia wepesi wa kubeba ambao hakuutumia.

Kompyuta ya mezani naipenda, na huenda unaliona hilo, kwa hiyo nichuje unavyotaka. Nguvu yake kubwa ni kwamba haifi yote kwa mpigo. Bodi za AM4, aina ya bodi za prosesa za AMD, zilizotoka mwaka 2017 ziliweza, baada ya kusasishwa BIOS (programu ya msingi ya bodi), kupokea prosesa Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022. Ni miaka mitano ya tofauti, na mwenye bodi alibadilisha kipande kimoja tu. Kioo, kibodi, kasha na diski vinabaki. Kucheza mtandaoni hakuna ada ya mwezi. Gemu za Steam, duka la mtandaoni la gemu za PC, hushushwa bei sana nyakati za minada, na ukinunua gemu isikupendeze unaweza kuirudisha ndani ya siku 14 kama hujaicheza zaidi ya saa mbili.

Gharama yake iko mwanzoni. Bei ya kasha si bei ya kucheza: ongeza kioo, kibodi, kipanya, Windows na spika. Usianze na ndoto ya 4K, kwani kioo cha 4K kina nukta mara nne ya 1080p na kadi inalazimika kuzichora zote. Kioo cha 1080p chenye kasi nzuri na kadi ya wastani vinakupa raha kuliko kioo ghali kilichofungwa kwenye kadi inayohema. Na usibane hela kwenye pawasaplai, kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Rafiki yangu aliuziwa kompyuta iliyokwisha kuungwa, kadi ya kuvutia na taa za rangi zote, ndani ikiwa na pawasaplai isiyo na jina. Ikawa inajizima katikati ya mechi. Alibadilisha RAM, akasafisha Windows, akabadilisha waya, na mwisho ikaonekana ni hicho kisanduku ambacho muuzaji alikitumia kupunguza gharama.

Kwa konsoli sitasema mengi, kwa sababu uzuri wake ni kwamba hakuna mengi ya kusema. Unachomeka, unasubiri sasisho, unacheza. Hakuna kusaka dereva (programu za kuendesha kadi) wala kuchezea mipangilio ya picha. PS5 na Xbox Series X, zote za Novemba 2020, bado zinaendesha gemu mpya bila aibu, na wasanidi huzipima gemu zao kwenye mashine hizohizo ulizo nazo nyumbani. Kwa mtu anayerudi kazini amechoka na ana saa moja tu ya kucheza, hilo ni kubwa kuliko fremu zozote.

Mahali pa kuwa macho ni gharama ya baadaye. Gemu ya kununua, ukitaka kuicheza mtandaoni kwenye PlayStation, inadai usajili wa kulipia wa PS Plus. Za bure kama Fortnite hazidai. Pia angalia kama konsoli ina sehemu ya diski. Xbox Series S haina, PS5 ya dijitali haina, na PS5 Pro ya mwaka 2024 inauzwa bila hiyo, unainunua kando. Diski unaweza kuazima, kuazimisha, na kuiuza ukishaichoka. Gemu ya kupakua huwezi kuiuza, na inakula bando: nyingi kubwa zinazidi gigabaiti 100. Kwa mwenye intaneti ya kuhesabu, sehemu ya diski inapunguza maumivu, ingawa masasisho utayapakua tu. Na usisubiri bei ishuke kama ilivyokuwa enzi za nyuma. Kizazi hiki kimekataa: Sony ilipandisha bei ya PS5 katika masoko mengi mwaka 2022, na Marekani ikapanda Agosti 2025.

Kuna pia mashine za mkononi, Steam Deck ya 2022 na Switch 2 ya Nintendo ya 2025. Ni nzuri sana kama mashine ya pili. Kucheza kwa kutiririsha kupitia intaneti, gemu ikiendeshwa na kompyuta ya mbali, nimekujaribu na kunategemea laini yako tu. Laini ikiyumba, mchezaji wako anapiga shuti baada ya mpira kuondoka.

Kama fedha inatosha mtumba tu, usione haya, yangu ya sasa ina vipande vya mtumba. Kompyuta ya zamani ihakikishe inakubali Windows 11, maana Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025; kwa prosesa za Intel hiyo ina maana kizazi cha nane kwenda juu, na TPM 2.0, kipengele cha usalama ndani ya kompyuta. Laptopu iendeshe gemu nzito nusu saa mbele ya muuzaji, ukisikiliza feni na kuangalia kama picha inaanza kukwama ikishapata moto. Konsoli ijaribu padi zake, uone kama mchezaji anatembea mwenyewe bila kuguswa. Ingiza diski kama ina sehemu yake, kisha iunganishe na intaneti na uingie kwenye akaunti yako ukiwa hapohapo. Iliyofungiwa na kampuni itagoma mbele ya macho yako, na hela yako bado iko mfukoni.