"Usiogope, hang'ati": majibu kwa wasomaji kuhusu mbwa wasiofungwa kamba

Barua za safari hii zimetoka pwani na bara, na karibu zote zina maneno yaleyale: mwenye mbwa kanambia nisiogope, hang'ati. Mimi ni daktari wa mifugo, nafuga mbwa wawili hapa Dar es Salaam, na maneno hayo nayasikia kila wiki. Nimechagua barua saba.

Shikamoo daktari. Nakimbia Coco Beach alfajiri. Kuna bwana anashusha mbwa wawili garini na kuwaachia. Wananikimbiza mpaka nasimama. Yeye anasema wanataka kucheza tu. Nifanyeje? (Mkimbiaji, Kinondoni)

Marahaba. Kusimama ndiko kuliko sawa, maana mbwa hukimbiza kinachokimbia. Tulia, shusha mikono, mgeuzie ubavu na usimkazie macho. Akipoa, ondoka taratibu bila kumpa mgongo. Ikitokea umeangushwa, jikunje na ukinge shingo na masikio. Usidanganywe na mkia pia. Mkia uliosimama juu umekakamaa, unaotikisika kwa vipigo vifupi vya haraka, si wa mbwa mwenye furaha.

Na huyo bwana usizozane naye mbwa wakiwa wamekuzunguka. Mfuate wakiwa wameshapanda gari, umwambie kwa upole: "Kaka, naomba uwashike mpaka nipite." Wengi hubadilika wakiambiwa hivyo bila matusi. Asipobadilika, peleka suala serikali ya mtaa, ukitaja siku na saa. Huenda kweli mbwa wake wanataka kucheza, lakini wewe hukukubali mchezo huo.

Mbwa wangu ni mpole, amelelewa na wanangu. Uani kwangu ni padogo. Kwa nini nimfunge kamba kwenye uwanja wa wazi, mahali pekee anapoweza kukimbia? (Mfugaji, Mikocheni)

Shida yako naielewa. Mbwa anayeshinda kwenye mnyororo getini mwaka mzima ndiye anayekuja kuwa mkali, kwa hiyo kumtoa atembee ni jambo jema. Nunua kamba ndefu, hata ya mita 10. Atakimbia, atanusa, na bado utakuwa umemshika. Ukitaka kumwachia kabisa, tafuta eneo lenye uzio ambalo mwenyewe amekuruhusu, na mfundishe kwanza kuitikia wito. Kipimo changu ni hiki: akiwa ameshamwona paka, ukimwita mara moja, anarudi? Kama unaita mara nne, hajawa tayari.

Upole wake unaujua wewe. Mimi nikikutana naye naona meno tu.

Jumamosi moja jioni nilikuwa ufukweni na mbwa wangu kwenye kamba. Mbwa mkubwa wa rangi ya udongo alipita mbio, akamwendea mtoto wa kike wa miaka kama minne aliyekuwa ameshika andazi. Hakumng'ata. Alilichukua andazi kwa midomo, taratibu kabisa, akaondoka nalo. Mtoto alibaki amesimama, vidole vimejikunja vilevile kana kwamba andazi bado limo, hajalia, mkojo unamshuka miguuni mpaka mchangani. Mwenye mbwa alikuwa mbali, anapunga mkono: "Huyo hana neno!" Mbwa wa watu hakuwa na neno kweli. Lakini mtoto yule hakurudi tena majini jioni ile. Alibebwa mgongoni na dada yake, uso ameuficha, na kila mbwa alipobweka alizidi kumng'ang'ania. Tangu siku hiyo nikiona mtoto mbele yangu, kamba naikunja mara mbili mkononi.

Naishi Mombasa. Ijumaa natoka na kanzu kuelekea msikitini, mbwa wa jirani ananirukia na kunilamba. Nikisema, najibiwa kwamba sisi Waislamu tunachukia wanyama. (Baba, Tudor)

Pole sana, mzee wangu. Jibu hili nawaandikia zaidi majirani zako.

Waislamu wengi wa mwambao wetu wanafuata madhehebu ya Shafii, na humo mate ya mbwa ni najisi nzito. Kilicholambwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Sasa fikiria mtu amekwisha kuoga, kanzu imepigwa pasi, adhana imeshaanza, na mbwa amemlamba kuanzia mkononi hadi kwenye kanzu. Lazima arudi nyumbani. Kwa mwenye mbwa ni sekunde mbili za mchezo, kwa mwenzake ni swala ya jamaa ya Ijumaa imempita, na hiyo hailipwi kwa "samahani".

Hilo la chuki silikubali. Mtoto yeyote aliyepita madrasa amefundishwa habari ya mtu aliyemkuta mbwa akihema kwa kiu, akashuka kisimani, akamtekea maji kwa kiatu chake, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Mtu anaweza kumhurumia mbwa na bado akataka mbwa huyo asimguse. Mwendee jirani siku isiyo ya Ijumaa, mketi, umweleze hatua kwa hatua kama nilivyoeleza. Wengi hawajui. Mwombe amfungie ndani saa ya kwenda msikitini. Mambo ya hukumu yaliyobaki muulize shehe wako, mimi ni mtu wa mifugo.

Mwanangu wa miaka tisa alichubuliwa mguuni na meno ya mbwa wa jirani wakiwa uwanjani wanacheza mpira. Nimepaka spiriti. Jirani anasema mbwa amechanjwa, amenipa elfu ishirini. Yatosha? (Mama, Morogoro)

Hii sikuisubirisha, nilikujibu siku ileile. Naiweka hapa kwa ajili ya wengine.

Haitoshi, mama. Jeraha linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, ukiangalia saa. Dakika hizo zinaonekana ndefu mno mtoto akilia, lakini usikatishe. Hata kama saa kadhaa zimepita, osha. Spiriti au iodini ni baada ya hapo. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala majani yaliyotwangwa. Kisha hospitali, siku hiyohiyo, hata kama ni mchubuko.

Virusi vya kichaa cha mbwa vimo kwenye mate. Vikipita penye ngozi iliyochubuka husafiri taratibu kwenye neva kuelekea ubongoni, kwa kawaida kwa wiki kadhaa hadi miezi mitatu, na wakati huo mtoto anacheza na kula kama kawaida. Siku anapoanza kuogopa maji, karibu kila mara ni kifo. Duniani watu wanaokadiriwa kufikia 59,000 hufa kila mwaka, karibu wote kutokana na mbwa, wengi wao Afrika na Asia, na watoto ni wengi mno miongoni mwao. Chanjo ikianza mapema na kukamilishwa, kifo hicho kinazuilika.

Kwa jirani, omba kuona cheti cha chanjo chenye tarehe na sahihi ya mtaalamu. Neno la mdomo halitoshi. Mbwa afungiwe na aangaliwe kwa siku 10. Akibaki mzima, daktari anaweza kuamua kusimamisha sindano zilizobaki. Asiuawe na kuzikwa kwa hasira, maana mtapoteza nafasi ya kujua. Na elfu ishirini haifiki mbali: sindano ni zaidi ya moja, si kila zahanati inazo, na kuna nauli. Andikishianeni mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwamba gharama zote ni zake.

Karura ni msitu. Kwani mbwa akikimbia msituni anamkera nani? (Nairobi)

Anawakera pongo, paa, kima na mbega, ambao hapo ndipo kwao. Msitu huo wa hekta zipatazo 1,000 umezungukwa na jiji na umewekewa uzio, hivyo pongo akikimbizwa hana pa kutokea. Kuna magonjwa pia. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na chanzo kilihusishwa na mbwa wa vijijini. Mfunge kamba na mchanje.

Nikiwaambia wafugaji waokote mavi ya mbwa ufukweni wananijibu mifuko ya plastiki imepigwa marufuku. (Kigamboni)

Marufuku ya 2019 ni kweli, ila gazeti halikupigwa marufuku, wala kikoleo na ndoo. Kwenye mavi hayo kuna minyoo ya safura ya mbwa, ambayo viluwiluwi vyake hupenya nyayo za anayetembea peku na kuchora mistari myekundu inayowasha chini ya ngozi. Ukiiona mistari hiyo, nenda zahanati, inatibika.

Mimi ni kijana wa kazi za nyumbani Masaki. Bosi ananipa mbwa watatu kila jioni, kamba moja. Wakimsogelea mtu natukanwa mimi. (Sitaki jina)

Barua yako imeniuma kuliko zote. Mpita njia anakutukana wewe, na aliyekataa kununua kamba mbili yuko barazani.

Watembeze mmoja mmoja, hata kama itakula saa nzima na nusu, na mwambie bosi mapema kwamba ndivyo utakavyofanya mpaka kamba zipatikane. Mwombe pia chanjo ya kinga kwa ajili yako, kabla hujang'atwa. Anayeshinda na mbwa anastahili kuipata, na mwenye mbwa ndiye wa kuilipia. Ukiona vigumu kumwambia, mpe ukurasa huu. Bosi, ukiwa unausoma: kijana anasubiri kamba mbili.