Makumbusho ya Reli Nairobi: wapeleke tu watoto

Ndugu, umeuliza kama Makumbusho ya Reli pale Nairobi yanawafaa watoto. Yanafaa sana! Ndani pitieni haraka, kisha tokeni uani kwenye vichwa vya treni vya mvuke. Mtafuteni Mount Gelai, namba 5918, kichwa cha aina ya Garratt kilichoundwa Manchester, Uingereza, miaka ya 1950. Gurudumu lake kubwa linampita kimo mtoto wa darasa la kwanza. Halafu kuna lile behewa la Kima, kituo cha reli. Mwaka 1900 afisa wa polisi Charles Ryall alikaa humo usiku kumvizia simba mla watu, usingizi ukamchukua, simba akaingia akamburuta nje kupitia dirishani. Niliposimama kando ya behewa hilo nilinyamaza kabisa. Watoto wadogo sana uwasimulie kisa hiki kwa upole.