Muulize Musawo: Dawa ya kurekebisha jeni imetoka, sasa tuoane?

Mwezi huu barua za siko seli zimekuwa nyingi kuliko za kitu kingine chochote. Wenzetu wa Tanzania wanaita selimundu, Baganda wanaita nalubiri, ugonjwa ni huohuo, wa damu na wa kurithi. Nimechukua tatu.

SWALI: Musawo, habari ya kazi. Mimi ni kijana wa miaka 27, fundi pikipiki hapa Lira. Kabla ya kupeleka mahari tulienda kupima na mchumba wangu, wote tumetoka AS, yaani kila mmoja amebeba jeni moja ya siko seli ila haumwi. Padri akasema tufikirie vizuri. Sasa rafiki yangu kanitumia video kwa WhatsApp, eti wazungu wametoa dawa inarekebisha jeni na siko seli inapona kabisa. Musawo, huyu dada nampenda sana. Si tuoane tu, mtoto akitoka nayo tumtafutie hiyo dawa? Na ni kweli hii ni laana ya ukoo kama mama mdogo anavyosema?

JIBU: Mdogo wangu, kwanza asante kwa kupima mapema, maana wengi wanakuja kwangu maabara mtoto yuko mgongoni tayari, vidole vimevimba, analia ukimgusa tu.

Video haikudanganya. Dawa ipo, inaitwa Casgevy, Uingereza waliipitisha Novemba 2023 na Marekani wakafuata Desemba mwaka huohuo. Inatumia ule mkasi wa jeni unaoitwa krispa, uliowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Nobel ya kemia 2020. Na matokeo ni mazuri jamani, kwa wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha, 29 walikaa angalau mwaka mzima bila kupata yale maumivu makali hata mara moja, watu ambao kabla ya hapo walikuwa wanalazwa na kulazwa.

Lakini sikiliza inavyofanya kazi. Siko seli inatokana na herufi moja tu kwenye DNA, palipotakiwa A pamekaa T, basi. Hiyo herufi moja inabadilisha hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, ikiishiwa oksijeni inashikana na seli inajipinda kama mundu wa kukatia majani. Nimeziona kwa darubini miaka mingi na bado kila nikiziona roho inaniuma, vile vipande vyembamba vimechongoka huku na huku katikati ya seli za mviringo, unajua kabisa huyu mtoto usiku atalia. Sasa watu wanadhani Casgevy inafuta hiyo herufi. Hapana, kosa linabaki palepale. Wanachofanya ni kukata mahali kwenye jeni nyingine, BCL11A, ambayo kazi yake ni kuzima hemoglobini ya kichanga, ile tunayotumia tukiwa tumboni. Ile haijipindi. Ndo maana mtoto wa SS, yaani aliyepata S kwa baba na S kwa mama, anazaliwa mzima kabisa, mnafurahi, halafu akifika miezi 5 au 6 mambo yanaanza, maana hemoglobini ya tumboni inaisha na ya S inachukua nafasi. Dawa inawasha ile ya zamani, na mtu anaishi nayo.

Kuifikia sasa. Wanachuja seli mama, zile zinazozaa damu, kutoka kwenye damu yako, zinapelekwa kiwandani kukatwa, zikirudi unapigwa kwanza kemo kali ya kuua uboho wako wote ili seli mpya zipate pa kukaa, unakaa hospitali wiki na wiki kinga hauna, na hiyo kemo inaweza kukuharibia uzazi. Mwaka 2023 ilipitishwa kwa wa miaka 12 kwenda juu, yaani kale katoto ka miaka 2 unakowaza wewe hakamo. Bei Marekani ni dola milioni 2.2, kwa senti zetu ni karibu shilingi bilioni 8. Na hili watu hawalisemi: seli zinazorekebishwa ni za damu tu, mayai na mbegu za kiume haziguswi, kwa hiyo hata aliyetibiwa akapona bado anampa mwanawe S.

Hesabu yenu ni hii. AS kwa AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya SS, 2 kati ya 4 ya AS kama nyinyi, na 1 ya AA, asiye na S kabisa. Kila mimba, mdogo wangu. Mimba haikumbuki iliyoitangulia, wa kwanza akitoka AA haimaanishi wa pili amelipiwa. Nimeona familia yenye watatu wote SS, na nyingine ina watano hakuna hata mmoja.

Laana hapana, mwambie mama mdogo kwa heshima. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha alichokiona kwenye damu ya watoto wa Kiganda karibu na Kampala, wenye AS walikuwa na vijidudu vya malaria wachache kuliko wenye AA. Yaani S moja inakinga mtoto asiuawe na malaria, S mbili ndo ugonjwa. Mahali malaria imekaa kizazi hadi kizazi, S imebaki nyingi. Uganda walipopima damu za vichanga karibu 98,000 mwaka 2014 na 2015, 13.3% walikuwa AS, na huko kwenu kuna wilaya zilizopita 20%, Alebtong jirani yako ikiwemo. Babu zako waliponea hapo.

Siwezi kukuambia umuache, hilo la kwenu wawili. Ninachokataa kwa nguvu zote ni kuoana mkiwa mmeegemea dawa ya bilioni 8. Mkioana, muoane mkijua kila mtoto atapimwa akizaliwa, kadamu kidogo tu ka kisigino, na akiwa SS aanze kliniki kabla maumivu hayajaanza. Kwa sababu dawa ya kumsaidia hapahapa ipo, na barua inayofuata inaihusu hiyohiyo.

SWALI: Mimi ni mama wa Mbale, binti yangu ana miaka 3, SS. Kliniki wamemwanzishia haidroksiurea. Jirani ambaye dadake aliugua kansa ameona kopo akashtuka, akasema hiyo ni dawa ya kansa, itamuua mtoto. Nimeificha kabatini wiki mbili sijampa. Nifanyeje?

JIBU: Mama, itoe kabatini leo. Usiongeze dozi kufidia hizo wiki, rudi kliniki waambie ukweli, hawatakugombeza, wapime damu muanze upya.

Jirani hajasema uongo, kweli inatumika kwa kansa fulani za damu, dozi tofauti, kazi tofauti. Kwa mwanao inafanya kitu kilekile nilichomwambia kijana wa Lira, inapandisha hemoglobini ya kichanga, ila kwa kidonge, bila kukata jeni. Zamani hata madaktari wetu walikuwa na hofu, walidhani itashusha kinga na malaria itawamaliza watoto. Ikabidi wajaribu hapahapa, hospitali ya Mulago Kampala kwanza, majibu yakatoka 2017, malaria haikuongezeka. Halafu ukafanyika utafiti mkubwa zaidi, watoto 606 wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na huko kwenu Mbale, ukachapishwa 2019. Kabla ya dawa, katika kila watoto 100 kwa mwaka maumivu makali yalikuja mara 98, baada ya dawa mara 45 hivi. Malaria ilishuka karibu nusu, kuongezwa damu kukapungua, vifo vikapungua. Watoto wa mji wako mwenyewe walikuwemo, mama.

Lazima arudi kupimwa damu kila wanapokuambia, maana ikizidi inashusha chembe nyeupe. Penisilini ya kila siku na dawa ya kukinga malaria usiache kwa sababu ya hii. Na jifunze kupapasa bandama. Mlaze chali, magoti yamekunjwa, vidole vyako taratibu chini ya mbavu za kushoto, fanya hivo akiwa mzima ili mkono wako ujue kawaida yake. Siku ukikuta kitu kigumu kimeshuka na mtoto amepauka midomo, usingoje asubuhi, panda boda nenda. Homa vilevile, hata saa nane ya usiku.

SWALI: Mtoto wetu ni SS. Mama yake AS, mimi kliniki moja hapa Jinja wamenipima wakaandika "negative", yaani sina S. Ndugu zangu wanasema mtoto si wangu. Nyumba inawaka moto musawo.

JIBU: Ndugu yangu, waambie wanyamaze kwanza. Uliza ulipimwa kipimo gani. Kama walichukua tone la damu kwenye kioo wakaweka dawa wakaangalia kwa darubini, kile kipimo dawa yake inatakiwa ichanganywe siku hiyohiyo, ikilala inadanganya, AS anaonekana hana kitu. Na hata kikifanywa vizuri hakiwezi kutofautisha AS na SS. Tena kuna jeni nyingine, thalasemia ya beta, kile kioo hakiioni hata kidogo, lakini baba akiwa nayo na mama akatoa S, mtoto anaumwa kama SS na karatasi inaweza kuandikwa SS.

Nenda hospitali kubwa, wewe, mama na mtoto, siku moja, mwombe elektroforesi ya hemoglobini, kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini. Kama mtoto aliongezewa damu ndani ya miezi 3 waambie, maana watakuwa wanasoma damu ya aliyemchangia. Na huyo mama, aliyemkesha mtoto hospitalini usiku wote ule, usimwambie neno la ndugu zako kabla hiyo karatasi haijatoka.