Jibu: Waliokaa nyuma kusikia maneno mara mbili

Ndugu, umeuliza kwa nini watu wa nyuma kwenye tamasha lako pale Mama Ngina, Mombasa, walisikia maneno mara mbili, na kama ukodi spika kubwa zaidi. Usikodi, utachoma pesa bure. Tatizo ni muda. Kwa joto letu la nyuzi 28, sauti husafiri kama mita 348 kwa sekunde. Spika za nyuma, mita 50 kutoka jukwaani, hulia papo hapo kupitia waya. Sauti ya jukwaani yenyewe hufika milisekunde 144 (sehemu za elfu za sekunde) baadaye. Fundi azicheleweshe spika za nyuma kiasi hicho, kisha aongeze milisekunde 10 hadi 15 ili sikio lihisi sauti inatoka jukwaani. Apime kwa futi kamba, si kwa macho.

Kinachonitia hofu zaidi ni upepo wa kusi. Bango la turubai kwenye mnara wa spika hushika upepo kama tanga, na mnara unaweza kuanguka juu ya watu. Weka bango la wavu, mnara ufungwe kwa uzito chini, na mkubaliane mapema nani ana mamlaka ya kusimamisha shoo. Taa nazo zipewe jenereta yake, la sivyo umeme wa taa unaweza kufanya spika zivume usiku kucha.