Ubao kuchimbika mwishoni kwenye mashine ya kuranda

Fundi mwenzangu, umeeleza kwamba mashine yako inaranda vizuri ila inachimba kishimo mwishoni mwa kila ubao. Dalili hiyo huonyesha kwamba meza ya kutolea (ile inayopokea ubao baada ya visu) iko chini kuliko visu, hivyo ubao unapoachana na meza ya kuingizia (ile iliyo kabla ya visu) hushuka na kuliwa zaidi.

Chomoa kwanza plagi ukutani. Kuzima swichi pekee hakutoshi, kwa kuwa mikono yako itakuwa karibu na visu. Kisha laza kijiti kilichonyooka juu ya meza ya kutolea, kipite juu ya visu, nawe uzungushe silinda inayoshika visu polepole kwa mkono: kila kisu kinapaswa kukigusa na kukisogeza karibu milimita 3, kwa kiasi kilekile pande zote mbili. Kisu kimoja kikitofautiana, rekebisha visu kabla ya kugusa meza. Hapa usiharakishe, hata ikikuchukua asubuhi nzima.

Baada ya hapo pandisha meza kidogo kidogo, ukijaribu kwa kipande cha mbao. Meza ikipanda kupita kiasi, ncha ya ubao itagonga ukingo wa meza hiyo. Kwa mbao ngumu kama mninga, randa milimita 1 kwa mpito mmoja.