Oksijeni yenyewe haiwaki, ila usiipelekee grisi

Kazi ya gesi, kuchomelea na kukata chuma, mimi nimejifunzia gereji ya mtaani hapa Dar, chuo sijaenda, na siku ya kwanza kushika mtungi wa oksijeni nililambwa kofi la mkono. Regulata, kile kifaa cha kupunguza presha ya mtungi, ilikuwa ngumu kuingia, nyuzi zimekaza, na mimi nikajua dawa ya nyuzi ngumu ni grisi kama tunavyofanya kwenye bolti, nikachovya kidole, kabla sijafika kwenye mtungi fundi katoka chini ya gari sijui kwa spidi gani, paa! Nikanuna siku nzima. Na hakunieleza, si unajua mafundi wa zamani, kofi leo, sababu mwaka kesho.

Sababu yenyewe hii. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 tu, iliyobaki karibu yote naitrojeni, ambayo kwenye moto ni kama maji kwenye pombe kali, inapunguza ukali. Kwenye mtungi hakuna cha kupunguza. Halafu imeshindiliwa, mtungi uliojaa unafika presha ya bar 150 au zaidi wakati tairi ya gari ndogo ni bar 2 na kitu. Ukifungua koki kwa pupa gesi inakimbilia kwenye regulata, inabanwa, joto linapanda palepale, kama pampu ya baiskeli inavyochemka ukipampu kwa nguvu ila hii kali zaidi. Ikikuta grisi hapo, grisi haisubiri kiberiti, inawaka yenyewe, na ikishawaka hata chuma cha regulata kinaungua. Usibishe, tochi ya kukatia inafanyaje kazi? Unapasha chuma mpaka kiwe chekundu, ukiminya oksijeni ndo inachoma kile chuma. Sasa fikiria hivyo hivyo vinatokea karibu na uso wako.

Kwa hiyo mimi mkono unaoshwa na sabuni kwanza, glavu za oili hazigusi mtungi, na spana ya mtungi inakaa peke yake, ukiniazima kufungulia sampo ya oili tutagombana. Kabla ya kufunga regulata fungua koki kidogo sana ufunge, vumbi litoke, mtu asiwe mbele. Ukishafunga legeza kwanza ile skrubu ya presha, ndo ufungue koki polepole, umesimama pembeni, sio unaichungulia geji. Na nyuzi zikikataa, zimeharibika, badilisha.

Kitu kingine ambacho vijana wanakifanya kila siku ni kujipuliza vumbi na mpira wa oksijeni. Jamaa yangu alijipuliza ovaroli jioni, akatoka nje, akawasha sigara, mkono wa nguo ukashika kama umemwagiwa petroli. Nguo ya pamba tu ile! Oksijeni haina harufu wala rangi, inajificha kwenye kitambaa na huwezi kujua. Wanaanga watatu wa Apollo 1, chombo cha anga cha Marekani, walikufa tarehe 27 Januari 1967 wakiwa hapa hapa duniani kwenye majaribio, roketi haina hata mafuta, ila chumba chao kilijazwa oksijeni tupu, basi neti za nailoni na vitu vya kawaida mle ndani vikawaka kwa sekunde chache. Ikikuingia kwenye nguo kaa nje penye upepo robo saa nzima, mbali na moto. Na oksijeni usijazie tairi. Na ukichomelea ndani ya tenki, muda wa kwenda kula toka na mpira wako, maana ukivuja ukiwa umeuacha mle utarudi kuwasha tochi ndani ya bomu.

Haya yote nilidhani ni ya gereji mpaka mzee wangu mapafu yakasumbua tukaruhusiwa hospitali na oksijeni ya nyumbani. Mama anampaka vaselini midomoni sababu inakauka, shangazi kaja na chetezo cha ubani kumuombea, umeme ukikatika mdogo wangu anawasha mshumaa juu ya kabati. Nilihisi lile kofi upya. Vaselini nayo ni mafuta, tukanunua jeli ya maji, chetezo na jiko la mkaa vikahamia uani, mshumaa tukaweka tochi ya betri. Shangazi alininunia kidogo akasema namzuia dua, nikamwambia dua endelea, shangazi, moto tu ndo unakaa nje.

Mgumu alikuwa mzee mwenyewe. Kavuta sigara miaka 40, siku moja kaniita kwa upole kabisa, eti "Baba, zima hiyo mashine dakika mbili tu, nivute moja nusu." Nikamwambia mzee, mashine nitazima, lakini shuka, mto na hizo ndevu zako vimeshiba oksijeni tangu asubuhi.

Akazishika ndevu, akanyamaza.