Muulize Shangazi: Chama kinataka kwenda Gion

SWALI: Shangazi, pokea salamu kutoka Donholm. Chama chetu cha kina mama kimeweka akiba miaka na miaka, na Aprili tunakwenda Japani. Kwenye ratiba kuna jioni moja ya kutembezwa kwa miguu mtaa wa Gion, mjini Kyoto, yaliko makao ya mageisha. Malipo yake ni ya kando, hayamo kwenye pesa tulizokwisha toa. Mume wangu alipoisoma ratiba alicheka hadi akakohoa: "Mnapanda ndege kwenda kuangalia Koinange Street ya Wajapani?" Nilikosa la kumjibu. Ni kweli? Na tukilipa, tutawaona? – *Mweka hazina*

JIBU: Mweka hazina, mwambie baba watoto Koinange, mtaa wa makahaba, aiache hapa hapa Nairobi. Geisha ni msanii wa kulipwa. Anacheza, anaimba, anapiga shamisen, ala ya nyuzi tatu, na anajua kuchochea mazungumzo hadi wakurugenzi walionuniana waanze kutaniana. Wa kwanza kuitwa hivyo walikuwa wanaume. Ukahaba ulikuwa na mitaa yake yenye vibali, na sheria ya kuupiga marufuku ilipitishwa 1956, ikaanza kutekelezwa kikamilifu 1958. Mageisha hawakufunga kazi mwaka huo kwa sababu kazi yao ilikuwa nyingine. Sisemi historia yote ni ya kujivunia. Zamani wasichana wengi waliingia humo kwa kuwa wazazi maskini walichukua pesa na mtoto akabaki kulilipa deni. Mzee akiliuliza hilo, ana haki. Lakini Koinange? Hapana.

Kuhusu kuwaona, msilipe kwa ajili hiyo. Mwongozaji anayekuahidi geisha ni wa kuogopwa. Kyoto wao huitwa geiko, na wanagenzi wao maiko. Kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni hivi hutoka wanakoishi kwenda kwenye nyumba za chai walikoitwa kutumbuiza, na ukibahatika utamwona mmoja kwa muda wa kupepesa macho. Akiwa maiko, utasikia viatu virefu vya mbao vikigonga mawe, uone mshipi wa kimono wenye zaidi ya mita tano ukining'inia mgongoni, mlango usukumwe kando, basi. Hasimami.

Mnachonunua ni mtu wa kuwasomea kuta. Bila yeye Gion ni safu za nyumba za mbao zilizofungwa, nyembamba mbele na ndefu kwenda nyuma, zenye mapazia ya mianzi ghorofani. Mama aliyetuongoza sisi alikuwa mstaafu mwenye mwavuli mweusi aliotumia kuonyeshea vitu, na sauti hakuipandisha hata mara moja. Alitusimamisha mbele ya mlango mmoja tuliokuwa tunaupita tu. Juu ya fremu kulikuwa na vibao vidogo vya mbao vimepangwa wima, kila kimoja na jina. Hao, akasema, ndio wanaoishi humu. Kuanzia hapo kila mmoja wetu alikuwa akitazama juu ya milango.

Pembeni, barabara ya Hanamikoji inapokutana na barabara kubwa ya Shijo, kuna nyumba ya chai ya kuta nyekundu iitwayo Ichiriki. Hadithi inayosimuliwa hapo ni ya Oishi Kuranosuke, kiongozi wa wale samurai 47 ambao bwana wao aliamriwa kujiua mwaka 1701. Yasemekana Oishi alikuwa akilewa na kustarehe humo usiku baada ya usiku ili wapelelezi wa adui wamwone ameharibika, kumbe anapanga shambulio la kulipiza kisasi cha bwana wao. Nyumba bado inafanya kazi, na wewe na mimi hatuingii. Mgeni asiyejulikana hapokewi hata akiwa na pesa begi zima. Lazima mteja wa zamani akudhamini. Nyinyi wa chama mtaelewa upesi kuliko watalii wengine: mgeni halipi papo hapo. Mwenye nyumba ndiye hugharamia wasanii, chakula kinacholetwa kutoka nje na hata teksi, kisha bili hufuata baadaye. Ukitoweka, mdhamini wako ndiye ataulizwa. Zamani muda wa geisha ulipimwa kwa udi: kijiti kikiisha kuungua, kinahesabiwa kwenye malipo.

Akifika kwenye habari za nywele ndipo mtakapomzuia mwongozaji asiendelee na safari. Maiko hutumia nywele zake mwenyewe, husukwa na kupangwa takriban mara moja kwa wiki, na usiku hulaza shingo kwenye mto mrefu mgumu ili mtindo usivurugike. Geiko aliyehitimu huvaa wigi, akapumzika. Maiko wa mwaka wa kwanza hupaka rangi mdomo wa chini peke yake. Maua ya kichwani hubadilika kila mwezi, na ya Desemba yana vibao viwili vidogo vitupu ambavyo maiko hupeleka kwa waigizaji wa kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, wa ukumbi wa Minamiza, pale pale Shijo, wamwandikie majina yao. Mimi hilo la vibao ndilo lililonifurahisha kuliko mahekalu yote.

Mto Shirakawa na mierebi yake mtaupenda bila kuelezwa. Muulize tu mwongozaji kwa nini upande mmoja hauna nyumba. Zilibomolewa 1945 ili moto wa mabomu usipate pa kurukia.

Na kwa kuwa mnakwenda Aprili, ongezeni tiketi ya Miyako Odori. Ni onyesho la dansi la geiko na maiko wa Gion Kobu, sehemu kubwa ya Gion, lililoanzishwa 1872 baada ya Mfalme kuhamia Tokyo na watu wa Kyoto kuhofia mji wao utakufa. Hapo mtawaona wengi, wazi, jukwaani, nanyi mmeketi kwa raha. Shamisen haiwezi kusikika kupitia ukuta wa Ichiriki, lakini ukumbini mtaisikia mpaka mchoke.

SWALI: Shangazi, mimi hutengeneza video za TikTok. Nasikia Gion ukipiga picha unatozwa faini. Ni kweli ama ni porojo? Na nikimwomba geisha kwa adabu je? – *Kijana wa Roysambu*

JIBU: Ni kweli, ila si kila mahali. Vichochoro vinavyotoka Hanamikoji ni mali ya watu binafsi. Mwaka 2019 wenyeji waliweka vibao vya kukataza picha humo na kutaja faini ya yen 10,000, ambayo ni zaidi ya shilingi 8,000. Mwaka 2024 wakaenda mbali zaidi wakavifunga baadhi kabisa kwa watalii. Hanamikoji yenyewe ni barabara ya umma, imebaki wazi.

Hawakuamka siku moja wakawa wakali. Watu walikuwa wakiwakimbiza maiko, wakiwavuta mikono ya kimono, wakiziba njia ya teksi zao, wakichungulia ndani ya nyumba. Ukitaka kuelewa, kaa Kibera siku basi la watalii linaposhusha watu wenye kamera ndefu, kisha mwangalie mama anayeanika nguo.

Kumwomba kwa adabu? Kijana wangu, huyo yuko njiani kwenda kazini na muda wake umeshalipiwa. Muache apite. Anayekusimamia saa sita mchana, akatabasamu, akageuka huku na huku, kuna uwezekano mkubwa ni mtalii aliyekodi mavazi dukani na kupakwa poda. Huyo mwombe, pengine atafurahi kuliko wewe. Simu yako ielekeze kwenye nyumba na taa, ukiwa barabara kubwa, bila kusimamisha vyuma vya kamera katikati ya njia.

SWALI: Shangazi, mimi ni mwalimu Kasarani. Wanafunzi wangu waliniuliza hao maiko wana umri gani, na nilipowaambia wanaanza wakiwa watoto, mmoja akasema hiyo ni ajira ya watoto. Nimjibu vipi?

JIBU: Mwalimu, usimnyamazishe mtoto huyo. Kyoto msichana anaweza kuanza mafunzo akishamaliza shule ya kati, akiwa na miaka 15 hivi. Huhamia kwenye nyumba inayoongozwa na mwanamke wanayemwita mama. Nyumba humlisha, humvisha kimono za bei ya kutisha na kumlipia masomo ya dansi, nyimbo na chai. Mshahara hana, hupewa pesa za matumizi madogo. Baada ya miaka kama mitano huchagua: abadilishe ukosi mwekundu wa kimono kwa mweupe awe geiko, au aondoke. Wengi huondoka.

Wapo wanaosema ni shule ya sanaa isiyo na mfano, na ninawaelewa. Lakini mwaka 2022 mwanamke aliyewahi kuwa maiko aliandika mtandaoni kwamba alinyweshwa pombe kabla ya umri na kudhalilishwa na wateja, na mjadala ukawa mkubwa nchini mwao. Mimi huwapima waongozaji kwa swali hili. Anayelikwepa kwa kicheko atakuuzia vipepeo na maua ya cheri jioni nzima.

SWALI: Mamangu ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Ataweza? – *Lang'ata*

JIBU: Ataweza. Gion ni tambarare, imesakafiwa mawe, na matembezi mengi huchukua saa moja na nusu hadi mbili. Shida ni pa kukaa: ngazi na vibaraza ni vya wenye nyumba, na kuvikalia ni kosa. Mbebee kistuli cha kukunja. Apitie choo kwenye stesheni ya Gion-Shijo kabla ya kuanza, na awe na mfuko wa taka zake maana mapipa ni ya kutafuta. Bahashishi asitoe, kwenye matembezi ya bei maalumu huenda mwongozaji akairudisha, na mama aone aibu bure.